Wembe wa Mpini wa Mpera

Mti wa mpera ukilowa maji hutoa harufu yake hata kama ulikatwa zamani. Nilidhani huo ni uongo wa mjomba, mpaka wiki mbili baada ya kumzika mama nilipofungua sanduku lake la bati kule Birongo. Nilikuta wembe umeviringishwa kwa kitambaa, na kitambaa kimelowa, kwa sababu paa la chumba chake lilikuwa linavuja na mimi, bintiye wa pekee, kila mwezi nilikuwa nasema nitatuma mabati mwezi ujao. Nikaunusa ule mpini. Papo hapo nikawa na miaka minane, nimejibanza nyuma ya mlango na birika la maji mikononi, nikiamini kwamba nikichelewa kidogo tu mama atakatwa.

Huu si wembe wa siku hizi, wa kununua dukani na kutupa. Ni wembe wa kukunja, wa chuma kizito, ulioletwa kwetu na babu mzaa mama baada ya miaka mingi ya kuwanyoa wazungu wa mashamba ya chai. Alipozeeka alimfundisha kazi baba yangu, kijana aliyekuja kumposa binti yake akiwa mikono mitupu, na siku ya harusi akampa wembe wenyewe. Yaani baba alipewa mke na kazi katika nyumba moja, siku moja. Ungedhani mtu kama huyo angekuwa na shukrani. Shukrani ya punda ni mateke.

Pale soko la Suneka baba alisifiwa kwa wepesi wa mkono. Watu walipanga foleni mbele ya kiti chake, na wengine walisinzia wakinyolewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisimama kando yake nikimtazama akilowesha nywele za mteja kwa maji ya uvuguvugu, pole pole, akisema kwamba nywele zikilowa wembe hauumi. Maneno hayo niliyashika kama watoto wengine wanavyoshika maombi. Lakini mkono huo huo mwepesi, ukifika nyumbani, ulikuwa mzito. Nilijua kuhesabu hatua zake kutoka barabarani hadi mlangoni, na kwa jinsi alivyokanyaga nilijua kama mama atalia.

Siku yenyewe hakuwa amekwenda sokoni. Wembe ulikuwa juu ya kabati, na mama akauchukua kufumua pindo la sare yangu ya shule iliyokuwa imenibana. Nyuzi tatu nne tu. Baba aliingia akauona mkononi mwake. Aliuliza ni nani amempa ruhusa ya kukatia nyuzi chombo cha kazi, na mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba nyuzi ni laini, hazitauharibu. Akampiga ngumi ya tumbo. Mama akakunjika, wembe ukaanguka juu ya sare, baba akauokota, akarudi hadi mlangoni kama mtu anayetoka nje. Nikashusha pumzi. Kisha akageuka akaurusha ukiwa wazi.

Ulipita upande wa kushoto wa kichwa cha mama, ukaondoka na ncha ya sikio lake, pale mwanamke anapovalia herini, ukagonga ukuta wa mawe. Mpini wa pembe ukapasuka vipande. Damu ilitoka nyingi kuliko nilivyojua kwamba sikio linaweza kuwa nayo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na kitu pekee nilichofanya ni kukunja sare yangu ili damu isionekane. Baba alipiga magoti, akaokota vile vipande vya pembe kimoja kimoja, akaviweka kwenye kiganja na kumwonyesha mama.

"Umenivunjia wembe," alisema.

Alipotoka, mama alijifunga kitambaa kichwani, akafunga vipande vya wembe kwenye leso, akanishika mkono. Tukaenda kwao Birongo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alibeba ule wembe na akaacha viatu vyake.

Kwa nyanya alisema amekatwa na bati la paa. Nyanya aliamini, au aliamua kuamini, maana kila asubuhi akichambua mboga alikuwa akisema kwamba mwanamke haachi nyumba yake kwa sababu ya bati, na kwamba ameshatuma ujumbe wakwe waje wamchukue. Alisema hayo bila ubaya wowote. Yeye mwenyewe alikuwa na jino moja la mbele, na hakuna aliyewahi kutuambia lile lingine lilikwenda wapi.

Mjomba, kaka wa mama, ndiye ambaye hakudanganyika. Alikuwa seremala, na banda lake la kazi lilikuwa karibu na barabara ya sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, hasira zake zote ziko mikononi. Mama alimpa ile leso akamwambia kwamba wembe wa marehemu baba yao umedondoka ukavunjika, amuangalizie kama unaweza kupona. Mjomba aliufungua juu ya meza, akautazama kwa muda mrefu. Makali yalikuwa yamebonyea mahali palipogonga jiwe, na ndani ya kiungo, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, palikuwa na damu iliyokauka na nywele mbili tatu. Alizitoa kwa ncha ya msumari, akazipanga juu ya ubao. Mimi nilikuwa hapo, niliziona, na nilizijua nywele za mama.

Tangu siku hiyo kila nikitoka shule nilikwenda kukaa bandani. Mjomba aliiacha kazi ya watu, akaacha hata kitanda cha harusi kilichokuwa kimebaki miguu, akaushughulikia wembe. Alikata pini ya zamani kwa tupa. Akakilaza chuma kwenye mafuta ya taa siku mbili ili kutu ilainike, akakisugua kwa jivu na gunzi la mahindi mpaka kikaanza kung'aa. Kisha jiwe. Alikuwa na jiwe la kunolea alilolitoa mtoni, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika, na juu ya jiwe hilo aliyasaga yale makali yaliyobonyea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, siku nne nzima. Alikuwa akisaga huku ameuma meno, na mara nyingine alinong'ona jina la baba yangu kila wembe ulipogusa jiwe.

Mpini alitaka kuutengeneza kwa mpera. Nyuma ya jiko la nyanya palikuwa na mpera ambao sisi watoto wa ukoo tuliuchukia, kwa kuwa ndiko nyanya alikochuma fimbo. Fimbo ya mpera haikatiki. Mjomba alichukua tawi lililokuwa limekauka tangu msimu wa mahindi uliopita, akalipasua kwa msumeno, akapata vibao viwili vyembamba. Alivifunga pamoja kwa uzi ili vilingane, akavichonga kwa kisu, akavilainisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika, na mwisho kwa msasa. Vilipata rangi ya chai ya maziwa. Akanipa nivishike, na nikasahau kwamba navichukia. Alitoboa matundu kwa njiti ya gurudumu la baiskeli aliyoichoma motoni hadi ikawa nyekundu. Moshi wake mtamu ndio uliobaki kwenye pua yangu miaka yote hii.

Pini za shaba zilitoka kwa Mzee Sudi. Huyu alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka mjini Kisii, mtu wa msikiti, baba yake alikuja kutoka mbali na mama yake ni wa hapa hapa kwetu. Ekegusii alikisikia lakini alipenda kuzungumza Kiswahili, na mjomba, kwa heshima ya mgeni, alimjibu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na Kiswahili kilikuwa fahari yangu. Nyumbani hakuna aliyekisema. Kilikuwa lugha ya shule, ya wageni na ya polisi, na nilikuwa nikitega sikio kila kiliposikika.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiye wa kwetu atapotea. Katika Ekegusii, mama huitwa baba. Ndiyo, baba. Na baba mzazi huitwa tata. Mwalimu alikuwa ameshatuchapa vya kutosha mpaka tukajua kwamba darasani baba ni tata, lakini darasani ni darasani. Neno hilo nililinyonya na maziwa, na maishani mwangu, kila nilipoumia au kuogopa, nililia "Baba!" na mama akaja.

Basi Mzee Sudi alileta bomba la shaba lililokatwa, akauona wembe juu ya meza, akauliza ni wa nini. Mjomba akajibu bila kuinua macho.

"Hii wembe ikiisha, baba ya huyu mtoto nitamnyoa bila maji. Mbele ya wazee."

Mzee Sudi alicheka, akatikisa kichwa. "Mnyoe, fundi, lakini usimtoe damu," alisema. Kisha akanigeukia, akanikonyeza. "Na wewe binti, mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Kila anayejua Kiswahili anaelewa mjomba alikusudia nini. Alikusudia kumbana shemeji yake mbele ya wazee wa ukoo wake, amwekee ule wembe mbele, amfanye aseme kwa kinywa chake ulivunjikaje, aaibike mpaka akose pa kuweka uso. Mimi nilielewa kila neno na sikuelewa chochote. Hofu haijui darasa. Iliponishika sikio lilirudi nyumbani. Nilisikia kwamba wembe ukiisha, mama yangu atanyolewa mkavu mbele ya wazee.

Na mbona isiwe kweli? Wembe ule ulikuwa umeshaonja sikio lake. Nyanya alikuwa akisema kila siku kwamba mama amekosa. Mjomba alikuwa akisaga ameuma meno. Nikaona hata ni kwa nini alikuwa amezipanga zile nywele juu ya ubao. Nilitaka kumuuliza, lakini mtoto kwetu haulizi habari za wakubwa, na ile fimbo ya mpera ilikuwa ingali na ndugu zake mtini.

Siku pini zilipowekwa, mjomba alizigonga kwa nyundo ndogo, tik, tik, akizungusha mpini kidogo kidogo ili shaba ilale sawa. Aliusugua mpini kwa mafuta, akaupitisha wembe kwenye mkanda wake wa ngozi mara nyingi, halafu akakunja shati na kuujaribu mkononi mwake. Vinyweleo vya mkono vilianguka kama vumbi, na hakuwa ameweka tone la maji. Nilikimbia nikajificha nyuma ya banda.

Ushauri wa Mzee Sudi ndio pekee niliokuwa nao. Zako tia maji. Na baba mwenyewe, aliyejua kazi yake, alikuwa amesema kwamba nywele zikilowa wembe hauumi. Nikaanza kumsumbua mama aoshe nywele. Asubuhi nilimwambia aoshe nywele, jioni nilimwambia aoshe nywele. Hakuweza, kidonda kilikuwa kibichi chini ya kitambaa, na siku moja alinifokea nimwache. Basi nikachukua birika la zamani la nyanya, lililovunjika kifuniko, nikawa nalijaza kila siku na kuliweka nyuma ya mlango wa sebule. Nyanya alilikuta mara mbili, akamwaga, akanichapa. Nikalijaza tena.

Walikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana. Baba alikuja na wazee wawili wa ukoo wake, amevaa koti, amenyoa ndevu vizuri. Alileta mkate na sukari. Aliponiita nilikwenda mbio, akanibeba ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa, nikanusa sabuni yake. Nilimpenda. Sitadanganya leo ili nionekane mwerevu. Nilimpenda, na nilitaka turudi wote Suneka akaninyoe pale kwenye kiti kirefu.

Nyanya hakukaa na mkwewe, kwa heshima ile ya kwetu. Alikaa jikoni akisikiliza kupitia ukuta. Sebuleni walikuwa wale wazee, baba, mjomba, na mama aliyeketi karibu na mlango ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na birika langu. Mzee mmoja alizungumza vizuri sana, akasema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na kwamba kijana ameona kosa lake la kuchelewa kuja. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kuchelewa.

Mjomba akatoa wembe mfukoni, akauweka juu ya meza. Ulikuwa mzuri hata wale wazee walinyoosha shingo kuutazama. Akamuuliza shemeji yake ulivunjikaje. Baba akasema uliponyoka ukaanguka. Mjomba akamuuliza mama.

"Ulianguka," mama alisema.

Akamuuliza tena, pole pole, akimwita kwa jina la utotoni. Mama akajibu vile vile. Alikuwa amechoka, nafikiri. Alikuwa ameshasikia kutoka jikoni kwamba hana pa kukaa, akaona afadhali arudi alikozoea. Wazee wakapumua, mmoja akasema basi mambo yamekwisha, mama akachukue vitu vyake. Na mama akasimama.

Hapo mjomba alishindwa. Siku zote zile za jiwe na jivu zilikuwa kwa ajili ya neno moja kutoka kinywani mwa dada yake, na neno halikutoka. Alinyakua wembe mezani, akaufungua bila kujua, nafikiri, kwamba anaufungua, akamwendea mama.

"Toa hicho kitambaa," alisema. "Toa, au nikitoe mimi."

Nikajua ndiyo sasa. Nilitoka nyuma ya mlango, nikainua birika kwa mikono miwili na kummwagia mama maji yote kichwani.

Alipiga kelele kwa baridi na kwa uchungu, maji yakaingia kwenye kidonda. Kitambaa kikawa kizito kikamteleza hadi begani. Wote waliona. Sikio lililokatika, jeusi, limevimba, na nyuma yake fundo la zamani ambalo hata mimi sikulijua, na juu ya paji kovu lingine, na katikati ya kichwa mahali ambapo nywele hazikuota tena. Maji yenye damu yalimtiririka shingoni. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri alifunika mdomo.

Baba alinifikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Kofi lake lilinitupa kwenye fremu ya mlango, jino likatoka, na nilipokuwa chini akanipiga teke la mbavu akiuliza ni nani amenifundisha kumvua mama yangu nguo mbele ya watu. Alisema hivyo, nguo. Mjomba aliuachia wembe ukaanguka sakafuni akamrukia. Meza ilipinduka, mkate ukakanyagwa, wakagongana na ukuta hadi picha ya babu ikaanguka. Mjomba alikuwa na nguvu za seremala lakini baba alikuwa mwepesi. Alipodondoka alidondokea mahali wembe ulipo, na mkono wake uliujua kuliko mkono wa mtu yeyote pale ndani. Aliuokota ukiwa wazi, akaupitisha mara moja. Shavu la mjomba likafunguka kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Niliona meno yake kupitia shavuni.

Baba akainua mkono mara ya pili. Wazee wote wawili walikuwa wamesimama, na hakuna aliyesogea.

Mama alichukua kigoda. Kilikuwa kigoda kizito cha miguu mitatu, alichochonga mjomba. Alikiinua juu ya kichwa chake kilicholowa na kukishusha kwenye kifundo cha mkono wa baba. Mfupa ulisikika. Wembe ukaanguka. Kisha, wembe ukiwa tayari sakafuni, na mkono wa baba ukiwa umelala juu ya sakafu, alikiinua tena na kukishusha mahali pale pale. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa kaka yake. La pili lilikuwa lake mwenyewe, na nililiona usoni mwake, na mpaka leo sijaliona tena usoni mwa mtu.

"Haukuanguka," mama alisema.

Aliwaambia wale wazee, si baba. Nyanya alitoka jikoni, akasimama mbele ya mkwewe uso kwa uso, jambo ambalo kwetu mama mkwe hawezi kulifanya, akamwambia aondoke bomani mwake. Wakamwinua, mmoja kila upande, wakaenda naye. Mimi niliokota jino langu na vipande vya mkate.

Mama hakurudi Suneka. Shavu la mjomba lilishonwa, likaacha mstari uliomfanya aonekane kama anacheka hata akiwa msibani. Mkono wa baba ulipona ukiwa umepinda, vidole vitatu havikufunguka tena, na kinyozi asiye na vidole ni mtu tu. Alilinda duka la mtu miaka mingi. Mjomba aliuosha wembe, akaunoa upya, akampa mama, akamfundisha kunyoa, akianza na kichwa chake mwenyewe. Watoto wa Birongo waliozaliwa baada ya hapo, karibu wote nywele zao za kwanza zilipita chini ya mkono wa mama, na maji ya uvuguvugu daima. Mimi nilijifunza kwake.

Kosa langu nililigundua darasa la sita, siku mwalimu alipotufafanulia ile methali. Nikayarudia maneno ya mjomba kwa sikio la darasani, na baba akawa tata. Nilikuwa mkubwa wa sekondari nilipopata ujasiri wa kumwambia mama. Alicheka mpaka akakaa chini, akishika lile sikio lake. Alipomaliza kufuta machozi alisema nisimwambie baba kamwe. Alijua kwamba baba anasema huko Suneka kwamba tulipanga, kwamba mke na shemeji walimtuma mtoto kumtega. Mwache aamini, mama alisema. Aamini tulikuwa werevu kiasi hicho.

Siku nne baada ya kufungua sanduku, mpwa wa baba anayemtunza alinipigia simu. Baba alikuwa amepata habari za msiba. Hakuja mazishini, hakuna aliyemwita, lakini sasa anataka kunyolewa, kama wazee wa zamani walivyonyolewa walipofiwa na wake zao, na hataki kinyozi mwingine ila mimi. Kufiwa! Nilikata simu. Halafu nilichukua jiwe la mjomba, jeusi lile, nikanoa asubuhi nzima, kwenda na kurudi, na nakiri kwamba nilinoa nimeuma meno.

Nilimkuta uani Suneka, kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa shuka. Amebaki mifupa. Mpwa alikuwa ameweka karai la maji ya uvuguvugu na kopo, akatuacha. Baba alinyoosha ule mkono uliopinda akautaka wembe auone. Chuma alikitambua. Mpini aliupapasa kwa kidole gumba, akaunusa, akaurudisha. Nikasimama nyuma yake. Kutoka nyuma, kichwa cha mzee ni kitu kidogo sana, na shingo yake ni nyembamba, na wembe ulikuwa wazi.

"Siku ile ya Birongo," alisema, bila kugeuka. "Ni nani alikutuma na lile birika?"

Nilifikiri juu ya mama na agizo lake. Nikaona kwamba mama hawezi tena kufaidika na uongo ule, wala mimi. Nikamwambia hakuna aliyenituma. Nikamwambia mjomba alisema kwa Kiswahili kwamba baba atanyolewa bila maji, na mimi nikasikia baba.

Ilimchukua muda. Nilimsikia akilisema lile neno kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili kwa lugha yetu. Mabega yakatikisika, nikadhani anacheka.

"Kumbe nilikuwa mimi," alisema.

"Ulikuwa wewe."

Kuku wakapita, wakarudi. Kisha akauliza, "Na ungejua kuwa ni mimi, ungenimwagia?"

Niliinamia karai. Ningemmwagia. Nilikuwa na miaka minane na ningelibeba birika lile hadi Suneka kwa miguu ili wembe usimuume, baada ya yote niliyoyaona, na hilo ndilo sijawahi kumsamehe. Nilichota kopo likajaa, nikammwagia lote kichwani. Maji yakamtiririka shingoni mpaka ndani ya shati, harufu ya mpera ikapanda kutoka kiganjani mwangu, na nikaanza kumnyoa, kuanzia upande wa sikio la kushoto.